Ujumbe Ndani ya Damu: Homoni za Mama Mjamzito na Afya ya Mtoto Atakapokuwa Mtu Mzima

Katika zahanati za Shinyanga na Geita, kama kwingineko nchini, upo mzani wa kupimia watoto wachanga. Mtoto anapozaliwa, mkunga humlaza juu ya mzani huo, husoma mahali uliposimama mshale, kisha huandika tarakimu mbili katika daftari: 3.1, au 2.9, au 2.3. Mtoto aliye chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, naye huangaliwa kwa makini zaidi. Daftari likijaa hufungwa na kuwekwa kabatini.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba tarakimu hizo ni habari za siku ile ya kuzaliwa tu. Leo wataalamu wanajua ya kwamba zina maana kwa miaka 50 na zaidi. Ndani yake mna dalili ya jinsi mwili wa mtoto huyo utakavyotumia chakula atakapokuwa mtu mzima, na kama atakuwa mwepesi wa kupatwa na kisukari au shinikizo la damu. Sehemu kubwa ya jambo hilo huamuliwa kabla hajavuta pumzi ya kwanza, kwa njia ya ujumbe upitao katika damu ya mama yake. Ujumbe huo huchukuliwa na homoni.

Homoni ni kitu gani?

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikamwagwa katika damu, ikasafiri hadi kiungo kilicho mbali, na huko ikaamuru kazi fulani ifanyike. Kiasi chake ni kidogo mno. Homoni nyingi hupimwa kwa sehemu za bilioni za gramu. Hata hivyo nguvu yake ni kubwa, kwa sababu kila homoni hufuata seli zenye mahali maalumu pa kuipokea, kama ufunguo unavyofuata kufuli yake.

Homoni tatu zatosha kwa maelezo haya. Ya kwanza ni insulini, itokayo katika kongosho. Hii huziamuru seli zichukue sukari kutoka katika damu. Ya pili ni kortisoli, itokayo katika tezi zilizokaa juu ya figo. Mtu akiwa na njaa, hofu, maradhi au kazi ya kuchosha, kortisoli huongezeka, nayo hutoa sukari ya akiba ili mwili upate nguvu ya kukabiliana na shida. Ya tatu ni thairoksini, itokayo katika tezi ya shingo. Hii hupanga mwendo wa umetaboli, yaani jumla ya kazi zote za mwili za kugeuza chakula kuwa nguvu, kujenga mwili na kuweka akiba.

Kondo la nyuma: mlango na tezi

Damu ya mama na damu ya mtoto aliye tumboni hazichanganyiki. Hukutana katika kondo la nyuma, zikiwa zimetengwa na ukuta mwembamba sana. Kupitia ukuta huo mtoto hupata oksijeni, sukari, asidi za protini na madini. Lakini ukuta huo huchagua. Sukari ya mama hupita kwa wepesi. Insulini yake haipiti. Thairoksini hupita kwa kiasi, na ni lazima ipite, kwa kuwa tezi ya mtoto mwenyewe haiwezi kumtosheleza mpaka mimba ifikie karibu nusu ya muda wake. Kortisoli nayo hukutana na mlinzi. Ndani ya kondo kuna kimeng'enya kinachoivunja nguvu sehemu kubwa ya kortisoli ya mama kabla haijamfikia mtoto.

Zaidi ya kuwa mlango, kondo ni tezi. Hutengeneza homoni zake na kuzimwaga katika damu ya mama, na baadhi ya homoni hizo hupunguza nguvu ya insulini yake. Kwa nini mwili ufanye jambo kama hilo? Hesabu ndogo yaonyesha sababu. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na kila lita, kabla ya kula, huwa na sukari isiyofikia gramu moja. Basi sukari yote iliyomo katika damu yake ni kama kijiko kimoja cha chai. Mtoto wa kilo 3 aliyekaribia kuzaliwa hutumia gramu 20 hivi za sukari kila siku, yaani vijiko vinne au vitano. Insulini ya mama ikilegezwa kidogo, sukari hukaa katika damu yake muda mrefu zaidi baada ya chakula, na mtoto hupata fungu lake.

Kongosho la mama hujibu kwa kutengeneza insulini nyingi zaidi, hata mara mbili au tatu ya kawaida. Likishindwa, sukari huzidi katika damu, na hali hiyo ndiyo kisukari cha mimba.

Sukari ikizidi

Daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen, Denmark, alieleza katika miaka ya 1950 yale yanayompata mtoto wa mama mwenye kisukari. Sukari nyingi huvuka kondo, lakini insulini ya mama hubaki upande wake. Hapana budi kongosho changa la mtoto lifanye kazi ya mtu mzima. Linatoa insulini kwa wingi, na kwa mtoto aliye tumboni insulini huchochea ukuaji. Mtoto hunenepa, akazaliwa akiwa na kilo 4 au zaidi, na mara nyingi kwa shida. Kiungamwana kikishakatwa, sukari ya mama hukoma ghafla huku insulini ya mtoto ikiwa bado nyingi. Sukari katika damu yake huweza kushuka kiasi cha kuhatarisha ubongo, asiponyonyeshwa mapema na kuangaliwa.

Je, athari huishia hapo? Jibu moja lilipatikana kwa Wapima, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, ambao kisukari kimewaenea sana. Mwaka 2000 watafiti walitoa matokeo ya kulinganisha ndugu wa mama mmoja: waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari, na wadogo zao waliozaliwa baada ya kukipata. Wadogo walikuwa na kisukari na unene kuliko kaka na dada zao. Wazazi ni wale wale na nyumba ni ile ile. Kilichotofautiana ni hali ya damu waliyokulia kabla ya kuzaliwa.

Chakula kikipungua

Hatari ya upande wa pili ilifahamika kwa njia ya madaftari ya wakunga. Katika jimbo la Hertfordshire, Uingereza, kuanzia mwaka 1911 wakunga chini ya uongozi wa Bi. Ethel Margaret Burnside waliandika uzito wa kila mtoto alipozaliwa na alipotimiza mwaka mmoja. Madaftari yakahifadhiwa. Miaka mingi baadaye Profesa David Barker na wenzake waliyatumia kuwatafuta watoto hao, waliokuwa sasa wazee. Mwaka 1991 Barker na Profesa Nicholas Hales walionyesha ya kwamba wanaume waliozaliwa na uzito mdogo ndio waliokuwa zaidi na kisukari, au na mwili ulioshindwa kuisawazisha sukari.

Mwaka 1992 wataalamu hao wawili walitoa maelezo yao. Mtoto aliyepungukiwa na chakula tumboni hubana matumizi. Damu hupelekwa kwanza kwenye ubongo, na viungo vingine, kama kongosho na figo, hupata kilichobaki. Huzaliwa akiwa na seli chache za kutengeneza insulini na mwili uliozoea kuweka akiba. Akikulia penye uhaba, mwili huo humfaa. Akikulia penye wingi wa sukari na mafuta, kongosho lake dogo huelemewa.

Ushahidi mwingine ulitoka Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 majeshi ya Ujerumani yaliyoikalia nchi hiyo yalizuia chakula, na mgao wa mtu katika miji ya magharibi ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watu waliokuwa tumboni wakati wa njaa hiyo walipopimwa wakiwa na umri wa miaka 50 hivi, miili yao ilishindwa kuisawazisha sukari kuliko ya wenzao waliozaliwa kabla ya njaa au kutungwa baada yake.

Kortisoli ina sehemu yake katika habari hii. Majaribio ya panya yameonyesha ya kwamba mama akikosa protini, kile kimeng'enya cha kondo hupungua, na kortisoli nyingi zaidi humfikia mtoto. Huko huharakisha kukomaa kwa viungo na kuzuia kukua kwake, na hubadili jinsi mwili utakavyoipokea homoni hiyo baadaye. Katika mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2012 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa akina mama 25 na watoto wao wachanga. Mama walioishi katika mashaka makubwa ya vita walizaa watoto wenye uzito mdogo zaidi; na jeni ya kupokea kortisoli katika damu ya watoto hao ilikuwa na alama za kikemikali zinazopunguza kazi yake. Jeni ilikuwa ile ile ya kurithi, ila namna ya kuisoma ilibadilika.

Ukanda wa dhahabu

Sasa na itazamwe nchi ya kusini mwa Ziwa Viktoria. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, Kahama, mwaka 2001. Kandokando ya migodi mikubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo, kama vile wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Wanawake ni wengi katika kazi hizo. Huponda mawe kwa nyundo, hubeba maji, huosha mchanga, na huwapikia wachimbaji. Wengi wao wako katika umri wa kuzaa, na mwenye mimba mara nyingi haachi kuponda, kwa kuwa siku asiyoponda ni siku asiyolipwa.

Mambo manne hukutana katika mwili wa mama wa huko.

La kwanza ni chakula na kazi. Shinyanga ni nchi kavu, na ghala za mtama, mahindi na michembe huwa karibu tupu katika miezi ya mwisho kabla ya mavuno, wakati ule ule jembe linapohitaji nguvu nyingi. Mimba inayokua katika miezi hiyo hukua katika upungufu.

La pili ni malaria. Geita ni miongoni mwa mikoa ambayo kwa miaka mingi imekuwa na malaria nyingi zaidi Tanzania Bara. Vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma, hata mama asipohisi homa. Kondo lililovimba hupitisha chakula kidogo, na homoni za ukuaji za mtoto hupungua. Huongeza pia upungufu wa damu wa mama.

La tatu ni zebaki. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga uliosagwa ili ishike dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake huvutwa puani, huingia katika damu na kuvuka kondo. Zebaki hushikamana na seleni, madini ambayo vimeng'enya vinavyoipa nguvu homoni ya tezi ya shingo huyategemea.

La nne ni arseniki, iliyomo katika miamba yenye dhahabu. Mwamba ukisagwa, sumu hiyo huingia katika vumbi na maji. Katika maabara arseniki hudhuru seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na tafiti za nchi nyingine zimeihusisha na kisukari cha mimba.

Si mgodini tu. Mwaka 2014 watafiti walitoa taarifa juu ya desturi ya wajawazito wa maeneo ya uchimbaji mdogo ya Geita kula udongo, ukiwamo ule uuzwao sokoni kwa jina la pemba na ule wa kichuguu. Karibu nusu ya wanawake waliohojiwa waliula, na udongo uliopimwa ulikutwa na arseniki.

Kati ya mwaka 2015 na 2017 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao wa Kanada, kiliwaandikisha wajawazito zaidi ya 1,000 wa kaskazini mwa Tanzania. Kiasi cha kati cha zebaki katika damu ya wanawake wa maeneo ya uchimbaji kilikaribia mara mbili ya kile cha wanawake wa maeneo yasiyo na uchimbaji, na arseniki nayo ilizidi. Arseniki nyingi ilifuatana na mimba kuharibika na watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Zebaki nyingi ilifuatana na watoto kuzaliwa wafu au wenye kasoro za maumbile. Utafiti huo ulipima uzazi, haukupima kisukari. Watoto waliozaliwa salama wako shuleni sasa, na miili yao ndiyo itakayotoa sehemu ya pili ya jibu.

Vijijini na mijini

Jambo hili lina haraka kwa sababu maisha yanabadilika upesi. Mwaka 1989 ilitangazwa taarifa ya uchunguzi wa Profesa Donald McLarty na wenzake katika vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara: wenye kisukari hawakufika mtu mmoja katika kila watu wazima mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, ambao haukutumia njia ile ile, uliwakuta 9 katika kila mia wa umri wa miaka 25 hadi 64. Kuhusu wajawazito, utafiti uliotolewa mwaka 2014 uliwapima wanawake 910. Kisukari cha mimba kilikuwa asilimia 8.4 Dar es Salaam, na asilimia 1 katika vijiji vya Morogoro.

Kahama na Geita vilikuwa vijiji na miji midogo. Leo ni miji yenye pikipiki kila kona, chipsi usiku kucha, na soda ambayo chupa yake moja ina sukari zaidi ya gramu 30. Aliyetungwa katika uhaba huweza kukulia katika wingi huo huo. Huko Mwanza, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wameonyesha ya kwamba watu wengi wenye sukari iliyozidi si wanene. Kasoro yao kubwa ni kongosho kutoa insulini haba. Hali hiyo yafanana na ile waliyoieleza Barker na Hales.

La kufanya

Ni kosa kumtwisha mama lawama. Hakuchagua mvua ichelewe, wala hakuchagua zebaki ichomwe uani kwa jirani. Tena ujumbe wa tumboni si hukumu. Huongeza au hupunguza uwezekano, na mengi yaweza kurekebishwa.

Hatua ya kwanza ni kliniki mapema. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki ya 12. Hapo mama hupimwa damu, mkojo na shinikizo, hupewa vidonge vya madini ya chuma, chandarua, na dawa ya SP ya kuzuia malaria kuanzia mwezi wa nne. Pale vifaa vilipo, sukari ya damu ipimwe, hasa kwa aliyewahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4 au mwenye ndugu wa damu mwenye kisukari.

Hatua ya pili ni ya jamaa nzima. Dagaa, maharage, karanga, maziwa na mboga za majani viwekwe kwanza mbele ya mjamzito, na nyundo ichukuliwe na mwingine. Chumvi iwe yenye madini joto. Udongo usiliwe, mwenye hamu hiyo aeleze kliniki, kwani huenda amepungukiwa na damu.

Hatua ya tatu ni ya wachimbaji na serikali. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Mpaka itakapoachwa kabisa, isichomwe nyumbani wala karibu na mjamzito, na ichomwe katika chombo kilichofunikwa kinachouzuia mvuke. Taifa limewahi kuzilinda homoni za akina mama kwa mpango. Katika miaka ya 1980 wananchi wa wilaya zenye rovu walianza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katika miaka ya 1990 ikaamriwa chumvi itiwe madini hayo.

Kazi ya darasa

Mwalimu wa biolojia aweza kuomba ruhusa zahanati iliyo karibu ili apatiwe uzito wa watoto 100 waliozaliwa mwaka uliopita, pamoja na mwezi wa kuzaliwa, bila majina. Wanafunzi watafute wastani wa kila mwezi na kuchora grafu. Kisha wajiulize: Ni miezi ipi yenye watoto wepesi? Miezi mitatu kabla yake, ghala zilikuwa na nini? Mbu walikuwa wengi? Kazi gani zilikuwa zikifanywa na akina mama? Watoto 100 hawatoshi kuthibitisha jambo, lakini watosha kuzaa swali zuri.

Wakunga wa Hertfordshire hawakujua ya kwamba madaftari yao yangesomwa miaka 70 baadaye. Madaftari ya wakunga wa Nyarugusu, Kahama na Shinyanga yana thamani ile ile, ikiwa hayataliwa na mchwa wala kufungiwa maandazi. Mtoto wa kilo 2.3 aliyeandikwa leo atakuwa na miaka 50 siku moja. Daktari atakayempima siku hiyo huenda ni mwanafunzi anayechora grafu sasa.